Aliyeambiwa Anyooke

Kabla ya Sauti kuja, watu wa nchi ile walipotea kwa jitihada zao wenyewe. Mtu alikosea njia, akasimamisha gari, akateremsha kioo, akamwuliza mwenye duka, akaelekezwa kwa mkono na kwa kidevu, akakosea tena, akaulizwa yeye ni mtoto wa nani, akapewa maji ya kunywa, na mwisho wa yote akafika, amechelewa lakini ana ya kusimulia. Hayo yamekwisha. Idara ya Njia iling'oa vibao vyote vya barabarani, ikatangaza kwamba chuma chake kina kazi nyingine, kisha kila gari likafungwa kifaa cha jipiesi, kijidude cheusi cha ukubwa wa kiganja, chenye kioo kinachong'aa na sauti ya mwanamke ndani yake. Mwanamke huyo hakupewa jina. Watu walimwita Sauti, na walipomtaja walishusha kidogo sauti zao wenyewe.

Sauti haikuwa na salamu wala pole. "Baada ya mita mia mbili, kata kushoto," ilisema, na ukikata kushoto haikusema asante. Ukikosea haikukemea. Ilinyamaza kidogo, kama mama mkwe anayemeza neno, kisha ikasema, "Natafuta njia mpya," na wewe ukabaki umeishika fedheha yako pamoja na usukani. Nyuma ya gereji, walikokaa madereva wakisubiri kazi, visa vyake vilikuwa vingi. Yuko aliyeambiwa anyooke akaingia ndani ya bwawa la samaki, taa zinawaka, na alipovutwa nje akauliza maji yaliingiaje barabarani. Yuko aliyezungushwa katika shamba la miwa mpaka miwa ikavunwa, ikapandwa, ikamfunika tena. Yuko aliyeambiwa "Umefika" mbele ya ukuta mtupu. Akashuka, akatandika mkeka, akaanza kuishi hapo, na inasemekana sasa ana mke na watoto na jirani anayegombana naye kuhusu mpaka. Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini hakuna aliyesema Sauti ilikosea. Walisema jamaa alichelewa kukata kona.

Ndimbo naye alicheka pamoja nao. Yeye aliendesha gari la maiti, kazi aliyoianza akiwa kijana na ambayo hakuwahi kuipenda wala kuichukia. Zamani alizijua njia za nchi nzima: alizijua kwa harufu ya kiwanda cha chai, kwa mti uliopigwa radi, kwa mama muuza mahindi ya kuchoma aliyekaa penye kona ya kupandia mlima. Tangu kifaa kifungwe hakuziona tena. Alisikia, akakata, alisikia, akanyooka, kisha akajikuta uani kwake, injini imezimwa, hakumbuki alipita wapi. Jambo hilo lilimtisha, ila hakulisema. Mkewe, Skolastika, ndiye aliyelisema. Mwanzoni lilikuwa utani wa kuweka sahani mezani: "Mwili umefika. Mwenyewe yuko wapi, nimfunikie chakula?" Wakacheka wote wawili. Baadaye akawa anauliza bila kucheka, huku akichungulia barabarani juu ya bega la mumewe, na siku moja alifunika chakula kweli, akakiweka jikoni mpaka asubuhi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Ndimbo siku alipokabidhiwa mwili wa Mzee Ambakisye.

Mzee alifia hospitali ya mjini, na alitakiwa kuzikwa kwao Lusungo, bonde la migomba lililo nyuma ya milima, ambako kila mtu huzikwa uani kwa baba yake. Ndugu walikuwa wametangulia kuchimba kaburi na kupika. Nyuma ya gari, kwenye benchi la kando ya jeneza, alipanda mjane peke yake, Bi Tulinagwe, mwanamke mfupi aliyejifunga kanga mbili kiunoni na moja kichwani. Wanaume wanne walilipakia jeneza wakiguna, mmoja akasimama kushika kiuno. Mzee alikuwa mtu wa mwili.

Inatupasa tuieleze desturi ya watu wa Lusungo, kwa kuwa bila hiyo msiba huu utaonekana ni ubovu wa barabara tu. Wao wanasema, na sisi hatuna ushahidi wa kuwapinga, kwamba gari hubeba mwili. Mwenyewe hufuata nyuma kwa miguu. Hachoki, hasikii njaa, lakini haoni mbali, na njia alizozijua maisha yake yote zimemtoka pamoja na pumzi. Kwa hiyo kila njia panda yule aliyemfumba macho hugonga jeneza kwa kiganja, humtaja jina, humwambia wanakoelekea. Asipoambiwa, husimama palepale. Akiambiwa vibaya, huenda alikoambiwa, maana wafu hawana ubishi. Na asiyefika hazikwi, hata wamwage udongo wote wa bonde juu ya sanduku lake. Atabaki akiwajia wanawe ndotoni kuuliza njia, mpaka wanawe nao waanze kuipoteza. Baba yake Ambakisye aliachwa hivyo. Aliyekuwa akimwita alipitiwa na usingizi kona moja tu, na Ambakisye aliishi mpaka uzeeni akiamka na jasho, akimwelekeza baba yake nyumbani, na baba haelewi. Kitandani hospitalini alimshika mkewe mkono kwa nguvu zilizobaki. "Tulinagwe, nizike utakavyo, nizike hata na gunia," alisema. "Ila usiniache njia panda."

"Sikuachi," alijibu. Kwa ajili ya neno hilo moja alipanda gari lile.

Wakatoka. Kiganja kikagonga ubao.

"Ambakisye, hili ndilo lango la hospitali. Tunakata kulia. Nifuate, baba."

"Kata kulia," ilisema Sauti.

"Ambakisye, hapa ni sokoni, kuna kelele, usiwasikilize. Tunanyooka."

"Nyooka."

Hivyo wakauacha mji, wanawake wawili wakisema jambo lilelile, mmoja akimwambia aliye hai na mwingine akimwambia aliyekufa, na Ndimbo katikati yao ameshika usukani. Ilimpendeza, akajishangaa. Ilikuwa miaka tangu asikie barabarani mtu akiitwa kwa jina lake. Alianza hata kuzitazama kona zenyewe, kwa kuwa mama yule alizitaja kwa sura zake, hapa pana kanisa, hapa pana mbwa, hapa pana kilima ulichokuwa ukikilalamikia. Na baadhi yake Ndimbo alizikumbuka, kama mtu anayekutana na majirani wa zamani.

Lakini Bi Tulinagwe alikuwa amelia tangu alfajiri ya kifo, na barabara ya vumbi ilipoanza, koo lake likaanza kukatika. Penye kona ya kiwanda cha chai alifungua mdomo pakatoka upepo. Akagonga ubao, akagonga tena, akakohoa, ndipo akapata kusema "kushoto" kwa mkwaruzo wa mlango mbovu. Ndimbo alimtazama kwenye kioo, akamwonea huruma. Tuliseme hilo wazi, asije mtu akamtukana bure: ilikuwa huruma, wala hakuwa na nia nyingine.

"Mama," alisema, "utalitia koo lako kidonda. Si unasikia hii inavyotaja kila kona? Tuiweke huko nyuma, juu ya jeneza, imwambie mzee. Wewe pumzika."

"Inamjua?"

"Inajua njia zote za nchi hii, mama. Itashindwa na mtu mmoja?"

"Haimtaji jina."

"Mtaje wewe mara moja, umkabidhi. Kutoka hapo itaendelea yenyewe."

Mama aliyapima maneno hayo mlima mzima. Alikuwa mwanamke aliyeshika desturi, na ndiyo maana alikosea. Asiyeijali desturi angeziacha kona zipite akasinzia, na mzee angesimama penye mojawapo akisubiri, na angeweza kurudiwa. Yeye aliogopa kuiacha hata moja. Akakipokea kifaa kupitia kidirisha kilicho nyuma ya kiti cha dereva, akakipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akakiweka juu ya kifuniko, upande wa kichwa, akakiongeza sauti. Kisha akainama, akayasema maneno ambayo baadaye angetoa kila alichonacho kuyarudisha kinywani.

"Ambakisye. Mfuate huyu. Huyu anajua."

Usingizi ukamchukua, mkono wake ukiwa juu ya ubao. Gari likaenda. Sasa Ndimbo hakuwa na kioo cha kifaa cha kutazama. Alikuwa na sauti tu mgongoni, ikisema na jeneza, na kwa mara ya kwanza aliisikia kama anavyoisikia aliyelala ndani.

Kata kulia. Nani akate? Mimi au yeye? Nyooka. Inamwambia nani? Tuko wawili tunaoongozwa humu. Mmoja mikono yake iko kwenye usukani, mmoja mikono yake imekunjwa kifuani, na amri ni moja. Yeye angalau anajua amekufa. Ameliliwa, ameoshwa, amevishwa suti aliyoozeshea binti yake. Mimi nani aliniambia lolote? Kata kushoto. Nilianza lini kutii? Nadhani ni penye kona ya yule muuza mahindi. Nilitaka kusimama, nilikuwa na njaa, nilikuwa nimeshaukunja mdomo kumwita. Ikasema nyooka. Nikanyooka. Huenda mwenye njaa alishuka. Huenda bado yuko pale, anasubiri hindi lake liive, anashangaa gari limekwenda wapi. Kama gari hubeba mwili tu na mwenyewe hufuata kwa miguu, mimi, ni nani anayenigongea ubao? Skolastika huchungulia barabarani. Namwona anavyochungulia. Anamtazamia nani, na mimi niko mbele yake?

Hata saa ilikuwa ya Sauti. Pembeni mwa kioo cha kifaa kulikuwa na tarakimu za saa ya kufika, na watu wa nchi ile walikuwa wamezizoea na kuziamini kuliko jua, na jua, lilipoona haliaminiki tena, likaanza kuzifuata. Kila Sauti ilipotafuta njia mpya na muda ukaongezeka, vivuli vya miti vilifupika, jua likarudi juu kidogo likajipanga. Wa kwanza kuliona jambo hilo walikwenda kulalamika Idarani. Wakajibiwa kwamba sasa jua linakwenda vizuri zaidi. Wakulima wakazoea. Kuku wakachelewa kuzoea, kisha nao wakazoea. Ndimbo aliviona vivuli vikisita kando ya barabara, akaendelea kukanyaga mafuta.

Walipoteremka kufikia mto, Sauti ilisema, "Nyooka." Ndimbo akanyooka, na ni mguu wake, si akili yake, uliokanyaga breki. Daraja halikuwapo. Lilikuwa limevunjika zamani, na juu ya kipande kilichobaki kikichomoza hewani nyasi zilikuwa zimeota hadi magotini. Ng'ambo hakukuwa na barabara. Kulikuwa na msitu na ukungu, na kimya ambacho hakikuwa cha msitu.

"Nyooka," ilisema Sauti kule nyuma. "Nyooka."

Chini ukingoni mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga aliinuka, akapunga mkono wenye masizi.

"We dereva! Huko kumekatika tangu mwaka wa njaa! Shika hiyo ya kushoto, inafuata mto, itakutokeza Lusungo!"

Ndimbo hakuwa ameelekezwa kwa mkono wa mtu kwa miaka mingi. Aliona haya, kama mtu mzima anayelishwa uji. Hakumjibu hata asante. Akarudi nyuma, akakata kushoto, na gari likaanza kurukaruka juu ya mawe ya njia ya ng'ombe. Sauti ilinyamaza kidogo. "Natafuta njia mpya," ikasema.

Ile mitikisiko ndiyo iliyomwamsha Bi Tulinagwe.

"Tuko wapi hapa? Mbona tunatupwatupwa?"

"Tumekata kushoto, mama. Daraja limevunjika."

"Na yeye ameambiwaje?"

Ndimbo akabadili gia.

"Dereva. Pale penye daraja, mume wangu ameambiwaje?"

"Ameambiwa anyooke."

Hakusikia kilio. Alisikia mkwaruzo wa mbao juu ya bati, akatazama kwenye kioo: mama alikuwa amelisukuma jeneza kwa mkono mmoja, nalo limeteleza hadi mlangoni kama droo ya kabati.

"Simama," alisema.

"Mama, kwenye barabara mbaya mzigo huwa unacheza—"

"Nimelala ubavuni kwake tangu nikiwa msichana. Uzito wake naujua. Humu hamna mtu. Simamisha gari."

Ndimbo alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akashika mwisho wa jeneza, akaliinua. Lilikuja juu kwa vidole. Akalirudisha polepole, kana kwamba kuna wa kuumia ndani yake, akasimama palepale akiitazama mikono yake. Alitaka kulia na hakuona haki ya kulia.

"Nisamehe, mama. Ni mimi."

"Wewe ulinipa kifaa tu, mwanangu. Aliyemwambia amfuate ni mimi." Alikuwa ameshaanza kushuka, akitafuta ardhi kwa kidole cha mguu. "Nililala. Baba yake aliachwa kwa usingizi, na mimi nikalala."

"Basi turudi tukamwite. Nageuza gari sasa hivi." Lakini alipokuwa akisema hivyo jicho lake lilikuwa limekwishakwenda kwenye kifaa, kwenye tarakimu za kufika, kwa mazoea tu, na mama aliliona jicho hilo. "Ila wanatungoja kule," akaongeza Ndimbo, akajichukia. "Kaburi liko wazi."

"Ndiyo. Kwa hiyo wewe peleka sanduku. Kaburi haliachwi wazi likalala, litaita mwingine. Wakiuliza, waambie ukweli."

"Na wewe?"

"Namfuata."

"Mama, kule mbele hakuna njia. Hakuna hata daraja! Umeona mwenyewe."

"Sikuona, nilikuwa nimelala. Na yeye ameambiwa ipo." Akajifunga upya kanga ya kiuno. "Ambakisye ni mtu wa kutii. Waliokuja kuchukua ng'ombe wake aliwafungulia zizi, kwa kuwa walisema wametumwa. Nilimpigia kelele siku ile. Leo mimi ndiye niliyemtuma."

Akaondoka, akirudi walikotoka, kwa mwendo wa mtu anayewahi mvua. Tungependa kuandika kwamba Ndimbo alimkimbilia. Tumejaribu kuandika hivyo, na kila mara tunapomfikisha mlangoni mwa gari Sauti inasema, "Endelea," na yeye anaendelea. Alisimama mpaka ile kanga ikapotea nyuma ya matete. Kisha kule nyuma, juu ya jeneza tupu, Sauti ikasema, "Endelea," akapanda.

Lusungo walikuwa wamejaa uani. Moshi wa masufuria, wanawake wameketi chini, wanaume wameshika majembe. Walipoliona gari kilio kikapanda kama inavyostahili. Mbele ya wote alisimama mdogo wa marehemu, Mzee Anyosisye, mtu mrefu mwenye koti lililomkaa mabegani tu, akachungulia ndani ya gari.

"Pole na safari, mwanangu. Shemeji yangu yuko wapi?"

"Poleni na msiba, mzee. Ameshuka njiani. Anakuja."

Walitazamana. Lakini kaburi lilikuwa wazi na jua lilikuwa limeshapangwa. Kwa desturi yao jeneza haligusi kamba kabla swali halijaulizwa, na huulizwa mbele ya watu, na aliyemleta marehemu hujibu. Mzee Anyosisye akavua kofia. Kilio kikakatika. Hata watoto walinyamazishwa.

"Njia panda zote, aliambiwa?"

Ndimbo alikuja na ukweli. Aliubeba tangu mtoni, akiurudiarudia, na sasa aliufungulia mdomo akijua kwamba watampiga, na akitamani wampige.

"Mama aliishiwa sauti," alisema. "Kuanzia kiwanda cha chai, mzee hakuambiwa na mama. Aliambiwa na kifaa. Aliambiwa na Sauti."

Alisubiri. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sauti yenyewe?" Mwingine akajibu, "Hujasikia? Sauti yenyewe!" Na badala ya ghadhabu pakatoka pumzi ndefu ya faraja iliyopita watu wote, na Mzee Anyosisye akamshika Ndimbo mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtiririka.

"Kaka yangu ameongozwa na Idara," alisema. "Baba yetu aliachwa kwa kutegemea mtu. Mtu husinzia, mtu hulia akasahau kona. Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

"Mzee, sikiliza. Daraja limevunjika. Ilimwambia anyooke, na sisi hatukunyooka."

"Kama ilimwambia anyooke, basi ndiko kulikokuwa na njia."

"Jeneza ni jepesi, mzee! Libebeni muone!"

Vijana wanne walikuwa wamekwishalibeba. Ndimbo aliwaona walivyoliinua kwa nguvu ya mzigo mzito na likawaruka mikononi, wakapepesuka. Aliwaona wakitazamana, kila mmoja akimtafuta wa kusema. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakainamisha vichwa, wakakaza shingo, wakaanza kuguna. Waliguna vizuri. Walilibeba hewa ile hadi kaburini kwa hatua za kulemewa, na mmoja aliomba apokewe.

"Ugonjwa humaliza mtu," alisema Mzee Anyosisye kwa upole, bila kumtazama.

Kamba zikateremshwa. Ndani ya gari, mlango ukiwa wazi, Sauti ikasema, "Umefika."

"Amefika," waliitikia watu wote. Na udongo ukaanza kuanguka.

Walimpa Ndimbo ndizi na nyama kwenye sahani yenye maua, wakamkalisha kwenye kiti cha wageni. Alitafuna tonge lilelile mpaka likawa halina ladha. Alimtazama binti wa marehemu, aliyekaa kwenye mkeka na macho makavu, akawaza kwamba pengine usiku huohuo baba atamjia kuuliza njia, naye asubuhi ataambiwa ameota tu. Akaiweka sahani chini, akaaga, akaondoka.

Alirudi kwa njia ya ng'ombe, akifuata mto. Kifaa alikuwa amekirudisha mbele, hakujua lini. Jua lilikuwa bado pale lilipoambiwa likae. Penye daraja alizima gari, lakini Sauti haikuzimika; aliminya kitufe, akachomoa waya, ikaendelea kung'aa. Mwanamke wa sufuria hakuwapo. Kwenye tope mbele ya kile kipande cha daraja kulikuwa na nyayo ndogo za miguu mitupu, zikielekea kwenye nyasi, zikiingia, na upande wa pili wa nyasi palikuwa na hewa na maji tu.

Ndipo akamsikia mama. Ilitoka ng'ambo, ndani ya ukungu, mbali, ile sauti ya mlango mbovu, haikosi neno hata moja.

"Ambakisye, hapa pana njia panda nyingine. Usisimame. Najua hazionekani, hata mimi sizioni. Tukate kulia, tujaribu kulia. Nifuate, baba. Niko mbele yako."

Ndimbo alipita kwenye nyasi hadi ukingo wa zege. Hakupanga kusema alilolisema. Lilimtoka kutoka mahali ambapo hakujua kama bado pana mtu.

"Mama! Na mimi! Niite na mimi!"

Kule ng'ambo pakanyamaza. Kisha: "Nani huyo?"

"Dereva!"

"Huku madereva ni wengi, mwanangu. Wamesimama kila kona, wameshika funguo. Jina lako nani?"

Alifungua mdomo. Safari nzima mama alimwita mwanangu, alimwita dereva. Lusungo walimwita mwanangu. Sauti haikumwita chochote tangu siku ilipofungwa. Alilitafuta jina lake kama mtu anayejipapasa mifuko, kwanza bila haraka, kisha kwa haraka, kisha mifuko yote kwa pamoja. Aliukumbuka uso wa Skolastika na sahani iliyofunikwa. Aliikumbuka harufu ya mahindi. Jina halikuwapo.

Ndimbo! Sisi tunalijua. Tumelitaja tangu ukurasa wa kwanza, na hapa tunalipiga kelele kutoka upande huu wa karatasi. Ndimbo! Ndimbo, hapo pamekatika, rudi nyuma, panda mlima, pita kiwanda cha chai, nyumbani kwako kuna taa. Hatujui kama amesikia.

"Jina lako!" iliita sauti ya mama, sasa mbali zaidi, maana naye alikuwa na wake wa kumfikisha na hangeweza kusimama. "Nitajie, nikuite!" Kisha ikamgeukia mwenyewe: "Ambakisye, twende," na ukungu ukaifunika.

Alibaki pale ukingoni, mdomo wazi. Nyuma yake mlango wa gari ulikuwa wazi, na ndani yake, kwa upole uleule usio na salamu wala pole, Sauti ikasema, "Nyooka."

Na kwa kuwa hakumsikia mwingine yeyote akimwita, akanyooka.